Nguo za kuteleza kwenye theluji: namna ya kuzichagua ukiwa Dodoma

Anayetoka Dodoma kwenda kwenye theluji kwa mara ya kwanza huogopa baridi, na woga huo humpeleka sokoni kununua koti moja zito kuliko yote. Akifika mlimani anatembea na buti ngumu za skii, anabeba skii (vile vibao virefu vya kutelezea) begani, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Nusu saa haijaisha, fulana yake ya pamba imeshalowa jasho. Halafu anakaa kwenye lifti ya viti, dakika kumi juu hewani upepo ukimpiga, na hapo ndipo meno yanapoanza kugongana, koti zito na yote. Mwili ulikuwa na joto la kutosha, ulilowa, basi. Ndiyo maana ushauri wetu wa fedha ni huu: kinachogusa ngozi, mikono, miguu na macho, nunua kizuri na ikiwezekana kipya. Jaketi na suruali za nje unaweza kuzipata kwenye mitumba au kuzikodi hukohuko.

Jua kwanza unakwenda wapi na mwezi gani

Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kijiji kilicho mita 1,000 kikiwa na nyuzi 0, mteremko ulio mita 2,500 utakuwa karibu na nyuzi 10 chini ya sifuri. Hapo hujaweka upepo, na ukiteleza unajitengenezea upepo wako mwenyewe: kwenye nyuzi −10, mwendo wa kilomita 20 kwa saa tu, ambao hata mwanafunzi anaufikia, hufanya uso usikie kama −18. Upepo wa kilomita 40 kwa saa unaishusha hadi −21.

Milima ya Alps, yaani Uswisi, Ufaransa, Austria na Italia, huwa kwenye baridi kali Januari na Februari. Mwisho wa Machi na Aprili mambo yanageuka. Jua limepanda, theluji ya mchana imekuwa rojorojo, na adui mkubwa ni maji yanayopenya suruali. Nguo za Januari zitakupikia jasho Aprili, na nguo za Aprili zitakugandisha Januari. Kwa hiyo msafiri wa Aprili apunguze tabaka la katikati, ila asipunguze uwezo wa nguo za nje kuzuia maji.

Karibu zaidi na sisi kuna Afriski, kituo cha kuteleza kilichoko Lesotho, juu ya mita 3,000 kwenye milima ya Maluti. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, wakati uleule wa kipupwe chetu. Mchana jua ni kali na usiku baridi inauma kweli, kwa hiyo beba mavazi kamili wala usidanganywe na neno Afrika. Ukumbi wa theluji wa Dubai ni jambo jingine kabisa: joto ni chini kidogo ya sifuri, hakuna upepo, na tiketi huja na jaketi na suruali. Wa kwenda huko abebe soksi nzuri, glavu na kofia, asihangaike na mengine.

Tabaka tatu

La kwanza hugusa ngozi: fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, za sufu ya merino au poliesta. Kazi yake ni kuvuta jasho litoke mwilini. Pamba inafaa sana kwa jua la Dodoma kwa sababu hunywa jasho na kulishika. Kwenye theluji sifa hiyohiyo inakuwa balaa, maana hukauka polepole na ikilowa haihifadhi joto. Soma lebo ya ndani. Ikiandika pamba hata asilimia 50, irudishe. Merino ni ghali lakini hainuki hata ukiivaa siku tatu. Poliesta hukauka haraka na ni rahisi, ila jioni ya pili mwenzako wa chumbani atajua. Iwe saizi ya kushika mwili bila kukaba. Fulana ya michezo ya poliesta uliyonayo nyumbani inaweza kufanya kazi hii vizuri tu, mradi iwe na mikono mirefu.

La katikati ni la joto: sweta la flisi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi), au kizibao chepesi chenye pamba bandia. Kanuni ya kuchagua ni rahisi, flisi mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa sababu moja unaweza kuivua. Jaketi la manyoya ya bata ni zuri kwa kutembea mjini jioni, lakini manyoya yakilowa hujikunja na joto linaisha. Kwa anayejifunza, atakayeanguka mara nyingi, pamba bandia ni salama zaidi.

La nje huzuia upepo na maji. Hapa utakutana na namba mbili kwenye lebo. Ya kwanza ni ya maji, kwa mfano 10,000 mm: maana yake kitambaa kinahimili mgandamizo wa maji yaliyosimama urefu wa mita 10. Ya pili ni ya kupumua: gramu za mvuke zinazoweza kutoka kupitia mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Chukua 10,000 kwa zote mbili kama kiwango cha chini. Kwa Aprili, au mahali panaponyesha theluji nzito yenye maji, tafuta 15,000 hadi 20,000 upande wa maji. Koti la mvua la plastiki lina namba kubwa ya maji na karibu sifuri ya kupumua, utalowa kutoka ndani.

Kuchambua mitumba Sabasaba na Majengo

Jaketi za skii zinakuja Dodoma, ila haziuzwi kwa jina hilo. Ukiuliza jaketi la theluji, utaletewa makoti ya sufu ya mjini. Nenda kwenye meza zinazowauzia madereva wa bodaboda na walinzi wa usiku, maana hao ndio wateja wa jaketi za kukinga upepo, na marobota ya nguo za baridi hufunguliwa kwa ajili yao. Ukiwa na safari ya Iringa au Njombe, pitia masoko ya huko pia. Baridi ya kule inafanya mzigo wa aina hii uwe mwingi na wauzaji waujue zaidi.

Jaketi la skii utalitambua kwa mfuko mdogo wa zipu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja. Huo ni wa kadi ya lifti: unapita getini, mashine inaisoma bila wewe kuitoa. Fungua ndani uone kama kuna ukanda mpana wa kitambaa chenye lastiki kiunoni unaofungwa kwa vishikizo; unazuia theluji kupanda mgongoni ukianguka. Zipu za kwapani ni za kutolea joto. Kola iwe ndefu ya kufika kidevuni, na velkro za mikononi ziwe zinashika bado.

Baada ya hapo lijaribu, na usimwonee haya muuzaji:

Ligeuze ndani nje. Mishono ya jaketi lisilopitisha maji imefunikwa kwa utepe mwembamba. Ukwangue kwa ukucha, ukibanduka, liache. Tazama pia upande wa ndani wa kitambaa cha nje, hasa mabegani na kwenye kofia. Ukiona unatoka unga mweupe, au unanata vidoleni na kutoa harufu chachu, tabaka la kuzuia maji limekufa na hakuna fundi wa kulifufua.

Weka mdomo kwenye kitambaa, ubane, upulize. Pumzi ikipita kirahisi upande wa pili, upepo nao utapita.

Shika kitambaa kiwe kama bakuli, mimina maji nusu kikombe, weka tishu kavu chini yake, subiri dakika 10. Hapa tofautisha mambo mawili. Kitambaa cha juu kikilowa na kubadilika rangi lakini tishu ikabaki kavu, ni dawa ya juu tu iliyoisha, na inarudishwa kwa dawa ya kupulizia ya kuzuia maji. Tishu ikilowa, jaketi hilo mwachie bodaboda. Likiwa na pamba ndani, bonyeza tishu kwa upande wa bitana kwa nguvu, maana maji yanaweza kuwa yameishia kwenye pamba.

Zipu mbovu isikukatishe tamaa, fundi cherehani ataibadilisha. Ila usimpe kazi ya kupunguza ubavu au bega. Kila tundu la sindano pasipo na utepe ni mlango wa maji, na mishono ya mabegani ndiyo inayopigwa na theluji kwanza. Kupunguza urefu wa suruali kwenye pindo hakuna shida.

Suruali, ambayo watu huidharau

Mtu hutumia nusu ya fedha zake kwenye jaketi halafu akavaa traksuti chini. Anayejifunza hukaa kwenye theluji kuliko anavyosimama juu yake: anaanguka, anakaa kufunga skii, anakaa kumsubiri mwalimu, anakaa kwenye kiti cha lifti chenye theluji. Uzito wa mwili ukikandamiza kitambaa, maji husukumwa kupenya hata kama kitambaa hicho kingehimili mvua. Kwa hiyo kama fedha ni kidogo, namba kubwa ya maji iende kwenye suruali. Jinzi usiibebe hata kwa kujaribu. Hulowa ndani ya dakika chache, huganda, na kuchubua mapaja.

Suruali yenye kifua na mikanda ya mabegani inawafaa watu wengi wa kwetu, hasa akina mama: suruali za Ulaya zikitosha nyongani hubaki wazi kiunoni, na mikanda inamaliza tatizo hilo, pia theluji haiingii mgongoni. Nguo moja ya kuunganika juu hadi chini inapendeza kwenye picha. Shida yake utaijua chooni.

Ijaribu ukiwa umevaa suruali ya ndani. Chuchumaa mpaka chini, piga goti, nyanyua mguu kama unapanda pikipiki. Ikikaza gotini au makalioni, chukua saizi inayofuata. Chini, ndani ya kila mguu wa suruali, kuwe na kitambaa cha pili chenye lastiki pana cha kuvuta juu ya buti. Buti ya skii ni nene, kwa hiyo mdomo unaobana kwenye raba hautaingia. Kitambaa kigumu upande wa ndani wa pindo ni alama nzuri, kinazuia makali ya skii yasichane.

Miguu na mikono

Buti, skii na fimbo zinakodishwa mlimani; usibebe. Soksi ni zako, na hapa ndipo kosa la kawaida linapofanyika: kuvaa mbili. Soksi mbili hujikunja ndani ya buti, hutengeneza malengelenge, na hubana mishipa hadi damu isifike vidoleni. Mguu uliobanwa huwa wa baridi kuliko wenye soksi moja. Vaa jozi moja, ndefu ya kufika chini ya goti, nyembamba au ya wastani, ya sufu iliyochanganywa na nailoni. Suruali ya ndani iishie juu ya buti. Ukiichomeka ndani ya buti, mshono wake utakukata kwenye ugoko kutwa nzima. Ikiwa ni ndefu, ikunje au mwambie fundi aikate chini kidogo ya goti. Kata kucha za miguu siku moja kabla. Vidole vikianza kufa ganzi, legeza vifungo vya buti ukiwa umeketi kwenye lifti na uchezeshe vidole, usiongeze soksi.

Kuna glavu za vidole na zile za mfuko mmoja ambamo vidole vinne hukaa pamoja. Za mfuko zina joto zaidi kwa sababu vidole vinagawana joto. Za vidole ni rahisi kwa kushika fimbo na kufunga zipu. Mwenye mikono inayopoa haraka achukue za mfuko. Zote ziwe hazipitishi maji na ziwe na shingo ndefu ya kuvuka kifundo cha mkono, pamoja na kamba ya kuzifunga, kwani glavu ikidondoka kutoka kwenye lifti ndiyo imekwenda. Za kusokotwa kwa uzi ni za kutembelea mjini tu. Ukijaribu glavu za skii, ubakize nafasi ya nusu sentimita kwenye ncha za vidole. Zinazobana hazina hewa ya kushika joto. Glavu nyembamba za kuvaa ndani zinasaidia ukitaka kutumia simu bila kuanika ngozi. Glavu za ngozi zilizolowa zikaushwe mbali na hita, la sivyo ngozi inakakamaa na kupasuka.

Kichwa, nywele na macho

Helmeti hukodishwa pamoja na skii. Ulaya tafuta ndani yake alama EN 1077, ya kiwango cha helmeti za skii. Kwa wanaosuka, fikiria kichwa kabla ya safari. Rasta nene au nywele zilizofungwa kishungi juu huinua helmeti, na helmeti iliyoinuka haikulindi. Mistari iliyolala, au nywele zilizofungwa chini kabisa kisogoni, hukaa vizuri. Boshori nene haiingii chini ya helmeti. Tumia nyembamba inayobana. Wanaovaa hijabu wachukue ya michezo, isiyo na ncha za kuning'inia, na juu yake skafu ya mviringo ya kupandisha hadi puani. Mtandio, shali au kamba yoyote inayopepea ni hatari ya kweli kwenye lifti: ikinaswa kwenye kiti, mtu anavutwa. Kwa sababu hiyohiyo, sketi juu ya suruali haifai.

Miwani ya theluji mara nyingi haikodishwi, kwa hiyo nunua. Iwe na kioo cha tabaka mbili, maana cha tabaka moja hujaa ukungu. Kiwango S1 ni cha mawingu, S3 cha jua kali. Ukinunua moja tu, chukua S2. Wenye miwani ya macho watafute aina yenye nafasi ya kuvaliwa juu yake. Usiipandishe kwenye paji la uso ukipumzika, kwani jasho la hapo huingia ndani. Na ukungu ukiingia, usiufute kwa glavu, utakwangua dawa ya ndani.

Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayochoma, na ukali wa miale hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Weusi wa ngozi hauyakingi macho, na midomo na pua huungua kwa yeyote. Mafuta ya kukinga jua ya SPF 50 yapakwe hata chini ya kidevu na kwenye matundu ya pua, kwa sababu jua linatoka chini pia. Midomo inayopasuka kwa upepo wa Dodoma mwezi wa Julai itapasuka mara mbili kule. Beba mafuta ya midomo mfukoni, siyo begini.

Watoto

Suruali ya kifua, glavu za mfuko zenye kamba inayopita mikononi mwa jaketi, na saizi isiyoipita ya kwake kwa zaidi ya moja. Nguo ya kukulia ya saizi tatu mbele huingiza theluji na kunaswa. Beba glavu jozi mbili kwa kila mtoto, maana ya kwanza italowa kabla ya chakula cha mchana.

Kiasi cha kubeba na safari yenyewe

Kwa siku sita za kuteleza, mtu mzima anatosheka na fulana za ndani 3, suruali za ndani 2, flisi 2, jaketi 1, suruali ya nje 1, soksi 3 au 4, glavu jozi 1 na za ndani jozi 1, skafu za mviringo 2, boshori 1, miwani ya theluji 1 na ya jua 1. Ongeza buti za kutembelea zenye soli ya mpira yenye meno marefu. Raba za soli laini kwenye barafu zitakuweka chini mbele ya hoteli. Ndani ya nyumba kuna joto, kwa hiyo fulana zako za kawaida za pamba zina nafasi, na kanga pia.

Wiki moja kabla, vaa vyote kwa pamoja nyumbani alfajiri, kabla jua halijachomoza. Inua mikono juu uone kama mgongo unaachwa wazi. Fungua na ufunge kila zipu ukiwa na glavu. Usiyoweza, ifungie kipande cha kamba.

Jaketi, glavu, soksi jozi moja na fulana moja ya ndani viwe kwenye begi la mkononi tangu unapopanda SGR kwenda Dar es Salaam. Begi kubwa likichelewa, hivyo ndivyo vigumu kupata upesi, na uwanja wa ndege wa huko huenda ukakupokea kwa nyuzi chini ya sifuri. Treni na ndege zina ubaridi wa kutosha kuvaa flisi. Jaketi lilaze miguuni.

Kufua na kutunza

Fua nguo za nje kwa sabuni ya maji kidogo, bila ya unga, bila dawa ya kulainisha na bila ya kung'arisha. Mabaki yake huziba matundu ya kupumua na kufanya kitambaa kinywe maji. Suuza mara tatu. Anika kivulini, kisha weka kitambaa chembamba juu yake na upige pasi ya moto mdogo, kwani joto hilo huamsha dawa ya juu. Jaketi la manyoya ya bata usilikamue. Likandamize, lilaze, na ulipigepige kila baada ya muda manyoya yasigandamane. Ukirudi, zitundike mahali pakavu penye hewa. Zikikunjwa ndani ya begi chini ya bati kwa mwaka mzima, lile tabaka la ndani litaanza kunata.